Maji ya rejeta yameingia kwenye oili: tafuta yalikopitia kabla ya kushusha hedi

Chomoa stiki ya oili ukute rangi ya chai ya maziwa, na fundi wa kwanza utakayemwonyesha atakuambia papo hapo: "Bosi, hiyo gasketi ya hedi, tushushe tu." Hedi ni kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku (mwili wa injini), na gasketi ni kizibio kilicho kati yao. Mara nyingi atakuwa amepatia. Shida ni kwamba maji yana njia kadhaa za kufika kwenye oili, na baadhi yake hazihitaji hedi iguswe kabisa. Ukishusha hedi ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kumbe kilichotoboka ni kipoza oili kilichofungwa ubavuni mwa bloku, utanunua gasketi, utamlipa fundi, na gari litarudi barabarani na maziwa yaleyale.

Vipimo vilivyo hapa nimevipanga kwa gharama. Vya bure vinaanza, vya zana ndogo vinafuata, vya kufungua injini vinakuja mwisho. Magari niliyoyafikiria ni haya tunayoishi nayo, Toyota na Nissan za miaka ya 1990 na 2000 pamoja na dizeli za kazi, lakini kanuni zake zinafaa karibu injini yoyote inayopozwa kwa maji.

Zima, usiwashe tena

Kazi ya oili ni kuweka utando kati ya chuma na chuma. Ikichanganyika na maji utando unakuwa dhaifu, na wa kwanza kuumia ni beringi za krenkshafti (shafti kuu ya injini), za meini na za bigiendi. Kulanti (kimiminika cha kupozea cha rejeta) ni mbaya kuliko maji matupu, kwa sababu ina glikoli. Glikoli ikipata joto na hewa ndani ya injini inazaa asidi, na asidi inakula tabaka laini la beringi. Ndiyo maana gari linaweza kutengenezwa hedi vizuri kabisa, halafu baada ya muda mfupi likaanza kugonga chini. Watu wanamlaumu fundi wa hedi, wakati beringi zilikufa katika zile kilomita za "ngoja nijikongoje nalo hadi gereji". Livute.

Kuna hatari nyingine ambayo inatokea ndani ya sekunde moja. Maji yakikaa ndani ya silinda, pistoni inayopanda inakutana na kitu kisichobanika, na koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, inapinda. Kama gari lililala na maji yakapungua sana kwenye rejeta, usipige stata mpaka umetoa plagi zote (kwa dizeli, hita plagi), kisha izungushe injini kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya krenki. Maji yakiruka kupitia tundu la plagi umeshajua silinda gani ina shida, na umeokoa koni rodi.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo chini ya presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na presha ikiachiwa ghafla yanaruka usoni. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono na ubonyee kwa ulaini. Na wale mafundi wanaolamba kidole ili kujua kama ni kulanti waache: glikoli ina utamu, na ni sumu. Kila kinachomwagika kikusanye, maana watoto, mbwa na kuku watakifuata.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna ugonjwa

Uji mweupe uliogandia chini ya kifuniko cha oili peke yake hauthibitishi kitu. Injini ikichoma petroli inazaa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo inapenya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini ikipata joto la kutosha kwa muda mrefu, mvuke unatoka. Isipopata, unagandia sehemu ya baridi zaidi, yaani kwenye kifuniko na koo la kumiminia oili.

Ukiwa Njombe, Makete au Limuru mwezi wa Julai, na safari zako ni za kupeleka watoto shule na kurudi, hilo ni jambo la kutegemewa. Ila Dar es Salaam linatokea pia, na sababu yake ni fundi aliyetoa thamostati (vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) "kwa sababu huku ni joto". Injini isiyo na thamostati inafanya kazi ikiwa ya baridi kupita inavyotakiwa, inakula mafuta zaidi, na inatengeneza uji kwenye kifuniko mwaka mzima. Rudisha thamostati. Haikuwekwa kwa ajili ya Wazungu na theluji yao. Angalia pia mpira na vali ya kupumulia injini. Vikiziba, mvuke hauna pa kutokea.

Maji yanaweza pia kutoka nje. Gari lililopita kwenye mafuriko, mtaa wa Jangwani jijini Dar kwa mfano, linaweza kunywa maji kupitia mpira wa kupumulia au tundu la stiki. Hata kuosha injini kwa pampu ya presha huku kifuniko cha oili hakijakaza kunatosha. Uliza dereva na uliza muosha magari kabla hujamuuliza fundi.

Kinachotenganisha mvuke na uvujaji ni mambo mawili ukiyachukua pamoja: hali ya stiki na usawa wa maji. Stiki ikiwa safi na maji hayajapungua, futa kifuniko, nenda safari ya kama saa moja barabara kuu, kisha angalia tena. Stiki ikiwa na maziwa, au oili imepanda juu ya alama ya juu wakati hujaongeza, wakati huohuo maji yanapungua na chini ya gari hakuna tone, huo ni uvujaji wa ndani.

Kama bado una wasiwasi, fanya kipimo cha mlio. Chukua tone moja la oili kutoka kwenye stiki, lidondoshe kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa moto juu ya jiko, nje ya nyumba na uso ukiwa mbali. Oili yenye maji itatoa milio midogo na viputo, maana maji yanachemka kwanza. Oili isiyo na maji itafuka moshi kimya. Tone moja tu, usimimine.

Hatua ya 2: Nani ameingia kwa nani?

Hapa ndipo ningetaka ukae zaidi ya pengine pote, kwa sababu ni bure na jibu lake linakata nusu ya washukiwa.

Injini ikiwa kwenye mwendo, pampu ya oili inasukuma kwa presha ya takriban baa 2 hadi 5. Mfumo wa maji unabanwa na kifuniko cha rejeta, na kwenye magari mengi ya Kijapani kifuniko hicho kimeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ni karibu na baa 1. Kwa hiyo wakati injini inanguruma, oili iliyo kwenye njia yake ya presha ina nguvu kuliko maji. Pakitoboka tundu kati ya njia hizo mbili, oili ndiyo inayovamia maji. Ukizima gari mambo yanageuka: presha ya oili inashuka hadi sifuri papo hapo, wakati maji bado ni ya moto na yamebanwa. Sasa maji ndiyo yanayosukuma kurudi kwenye oili, gari likiwa limeegeshwa.

Lakini si oili yote iliyo chini ya presha. Ile inayorejea kutoka juu ya hedi inateremka kwa uzito wake kupitia matundu ya kurudia hadi kwenye sampu. Tundu likitokea kati ya maji na njia hiyo, muda wote maji ndiyo yatakayoingia kwenye oili, na oili haitaonekana kwenye rejeta.

Sasa fungua kifuniko cha rejeta na tangi la akiba, injini ikiwa ya baridi, umulike kwa tochi.

Ukikuta maji safi yaliyopungua huku oili ikiwa na maziwa, shuku njia zisizo na presha ya oili: gasketi ya hedi kwenye matundu ya kurudia oili, ufa wa hedi, ufa wa bloku, slivu (ganda la ndani la silinda), au kasha la taimingi (linalofunika cheni au mkanda mbele ya injini) na wota pampu.

Ukikuta utando mweusi au tope la kahawia linaloelea kwenye tangi, na stiki bado ina sura ya oili, anza na kipoza oili. Hili ni kosa linalopotezea watu fedha kuliko yote. Gasketi ya hedi inaweza kufanya hivyohivyo pale tu inapokatika kwenye tundu linalopandisha oili yenye presha kwenda juu, na injini nyingi zina tundu moja au mawili ya namna hiyo, basi.

Pande zote mbili zikiwa zimechafuka, tatizo limekaa muda mrefu au tundu ni kubwa. Hapo kipoza oili na gasketi vyote vinabaki kwenye orodha, na vipimo vya mbele ndivyo vitakavyoamua.

Povu la rangi ya waridi ni habari nyingine kabisa. Kwenye gari la atomatiki, mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta. Kipoza hicho kikitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na injini haina kosa. Nissan Pathfinder na Navara za 2005 hadi 2010 zinajulikana kwa ugonjwa huu. Chomoa stiki ya giaboksi kama ipo. Ikiwa imegeuka waridi yenye maziwa, usiendeshe hata mita mia: maji yanaharibu gundi inayoshika bitana za klachi za ndani, na giaboksi itaisha haraka kuliko injini.

Hatua ya 3: Nati ya kumwagia oili

Gari lilale usiku mzima sehemu tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yale ambayo hayajakorogeka yatazama hadi chini ya sampu. Asubuhi, bila kuwasha, weka beseni safi na ulegeze nati ya kumwagia polepole huku ukiibana kwa vidole, iachie kidogo tu. Kikitoka maji au kulanti kwanza, kisha oili ikafuata, huna haja ya kubishana na mtu tena.

Angalia rangi ya kilichotoka. Kulanti ya kijani au nyekundu inasema maji yametoka kwenye rejeta. Maji yenye kutu yanasema hivyohivyo, na yanasema pia kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba kwa miaka. Maji matupu yasiyo na rangi, kwenye gari ambalo rejeta yake ina kulanti, yametoka nje: mafuriko au kuosha.

Kama oili yote imeshageuka uji, haitajitenga kwa usiku mmoja, kwa hiyo kutotoka maji hakuisafishi injini. Mwaga yote, toa filta, uikate kwa msumeno na uitandaze karatasi yake. Karatasi iliyovimba na yenye ute inathibitisha maji. Vumbi la chuma linalong'aa linasema beringi zimeshaanza kuliwa, na hapo swali la kuuliza ni kama injini hiyo inafaa kutengenezwa au kubadilishwa.

Hatua ya 4: Presha kwenye rejeta

Kipimo hiki ndicho kinachoonyesha mahali. Kinahitaji pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mdomoni mwa rejeta. Gereji kubwa zinayo. Ambao hawana wanachukua kifuniko cha zamani, wanakitoboa na kukifunga nozeli ya tairi isiyo na tyubu, halafu wanasukuma kwa pampu ya baiskeli yenye geji. Kinafanya kazi, ilimradi usizidishe namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari lako. Ukipitisha, utapasua rejeta ya plastiki na kujitafutia tatizo jipya.

Injini ikiwa ya baridi, jaza maji hadi juu, funga pampu, panda hadi 0.9 au 1.1 kulingana na kifuniko, kisha acha. Kwanza kagua nje: mipira, wota pampu, mirija ya hita nyuma ya injini, zulia la abiria. Geji ikishuka huku nje ni pakavu, maji yanapotelea ndani.

Sasa toa plagi au hita plagi na uendelee kubana kwa dakika thelathini. Zungusha injini kwa stata sekunde chache, watu wakiwa mbali na matundu. Silinda itakayotema ukungu ndiyo yenye njia ya maji. Angalia na plagi zenyewe: iliyokuwa inapata maji mara nyingi inakuwa safi kupita wenzake, imesafishwa na mvuke.

Silinda zikiwa kavu, shusha sampu. Kwenye Toyota ndogo ni boliti na silikoni tu. Kwenye baadhi ya magari ya fo-wili, ekseli au difu ya mbele inaziba, na kazi inakuwa ndefu. Sampu ikiwa chini, tandaza kadibodi safi chini ya injini, rudisha presha, iache usiku kucha ukiiongeza kila inaposhuka. Ingia chini na tochi, ufute kila mahali kwa kitambaa, kisha utazame tone la kwanza linakotokea.

Tone likining'inia kwenye ukingo wa chini wa silinda, ni slivu au ufa wa bloku. Likiteremka kwenye matundu ya kurudia oili, limetoka juu, hedi au gasketi. Likitokea mbele, upande wa cheni au mkanda, angalia kasha la taimingi na wota pampu. Likitokea upande ilipo filta ya oili, nenda kwenye kipoza oili. Nusu saa ya kulala chini ya gari kwa utulivu inamaliza mabishano ambayo gereji zima lingeyafanya kwa wiki.

Ufa mwingine unafunguka injini ikiwa ya moto tu. Kama baridi haikuonyesha kitu na maji yanaendelea kupungua, rudia upande wa juu baada ya gari kupata joto, mara tu mpira wa juu wa rejeta ukishikika kwa mkono, ukiwa na glavu, na sampu ikiwa imefungwa na ina oili mpya.

Hatua ya 5: Gesi na kompresheni

Kuna kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta; injini ikinguruma, unavuta hewa ya rejeta ipite ndani yake. Gesi ya ekzosi ikiwamo, buluu inageuka manjano, kwa sababu ya kaboni dayoksaidi. Kwa kuwa injini lazima iwashwe, fanya hivi ukiwa umemwaga oili yenye maji na kuweka mpya ya bei nafuu, na uzime mara upate jibu.

Jibu la manjano linamaanisha gasketi au hedi imefunguka hadi kwenye silinda. Jibu la buluu, hata hivyo, haliiachii hedi huru. Gasketi inaweza kukatika kati ya tundu la maji na tundu la oili bila kugusa silinda yoyote, na hapo kimiminika kitabaki buluu siku nzima. Nimewasikia mafundi wakisema "kipimo kimesema hedi nzima" na mteja akaanza kubadilisha vitu vingine. Kipimo kilisema tu kwamba silinda hazipitishi gesi kwenye maji.

Kwa kompresheni (presha ambayo pistoni inabana ndani ya silinda), toa plagi zote, kata umeme wa koili na wa injekta, kanyaga akseleta hadi mwisho, piga stata mpaka geji isipande tena. Petroli nyingi zenye afya zinasoma kati ya baa 10 na 14. Namba yenyewe si muhimu kuliko tofauti: silinda mbili za jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Dizeli inataka geji yake, maana inasoma mara mbili ya hapo au zaidi.

Mwenye kompresa afanye na hiki: pistoni juu kabisa, vali zote zimefungwa, ingiza hewa kupitia tundu la plagi na utazame rejeta iliyofunguliwa. Viputo vikipanda, umepata silinda. Weka gia na handibreki, ukae mbali na puli, kwa sababu hewa inaweza kuizungusha injini ghafla.

Injini na tabia zake

Ukishajua dalili, mjue na mgonjwa.

1KZ-TE ya Prado ya mfululizo wa 90 na Hilux Surf: hedi ya alumini inajulikana kwa kupasuka ikichemsha. Usiifunge gasketi mpya bila hedi kupimwa presha. 2L-TE ina sifa hiyohiyo mbaya.

1HZ ya Land Cruiser za kazi na za watalii: ni injini ngumu, kwa hiyo oili ikionekana kwenye tangi la maji anza na kipoza oili. Kinatolewa, matundu yake ya maji yanazibwa, upande wa oili unasukumwa hewa kikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Viputo vinajieleza. Oringi (pete za mpira za kuzibia) na gasketi zake ubadilishe hata kama chenyewe ni kizima.

Land Rover Freelander ya 1.8 ya petroli, injini ya K: gasketi ya hedi ndiyo jina lake la pili. Hapo fundi akisema hedi kabla ya kupima, msamehe.

Nissan zenye VQ35DE, kama Murano: wota pampu iko ndani ya kasha la taimingi na inazungushwa na cheni. Oringi zake zikichoka, maji yana njia ya kushuka moja kwa moja kwenye sampu, hedi ikiwa nzima kabisa.

Malori ya Scania na injini kubwa za Cummins mara nyingi yana slivu zinazoguswa na maji kwa nje, zikizibwa chini kwa oringi. Tone kwenye ukingo wa chini wa silinda hapo ni oringi mpaka ithibitike vinginevyo. Toyota ndogo hazina slivu za aina hiyo, kwa hiyo tone la mahali hapo kwenye Corolla ni habari mbaya zaidi.

Hatua ya 6: Hedi ikishuka, isome

Kama ushahidi umeelekea hedi, usikubali gasketi ya zamani itupwe kabla hujaiona. Itafute njia: mstari mweusi unaovuka kutoka silinda hadi tundu la maji, au sehemu iliyolainika na kuvimba kati ya maji na oili. Angalia vichwa vya pistoni. Kimoja kikiwa kinang'aa na vingine vina masizi, maji yalikuwa yanaingia hapo.

Safisha uso wa hedi bila kutumia diski ya kusagia, ambayo inachimba alumini. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Kwa Toyota nyingi ndogo za petroli kikomo ni milimita 0.05, kitabu cha injini yako kina namba kamili. Pima na bloku pia. Mafundi wengi wanachonga hedi na kuiacha bloku, halafu wanashangaa.

Hedi ipelekwe kwa mtu wa kupima presha, siyo kuchonga tu. Nyufa zinapenda kukaa kati ya viti vya vali, na jicho halizioni. Na kwa dizeli, kuchonga kuna mipaka, na unene wa gasketi unachaguliwa kulingana na pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Alama za vijitundu au mikato kwenye ukingo wa gasketi ndizo zinazosema ni ya unene gani. Ukienda kununua vipuri Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi), nenda na ya zamani mkononi.

Ukiangalia matundu ya maji ya hedi yaliyoliwa na kutu hadi ukingo umekaribia kufika kwenye alama ya gasketi, hapo ndipo maji ya bomba yalipokupeleka. Gasketi mpya haitapata pa kukalia. Kuna mafundi wanaojaza kwa kulehemu alumini na kuchonga upya, na wazuri wapo, lakini dai ipimwe presha baada ya kulehemu.

Boliti: nyingi za injini za kisasa zinavutika na hazirudiwi. Matundu yake kwenye bloku yakaushwe kabisa kwa hewa, kwa sababu oili au maji yakibaki chini, boliti ikikazwa inasukuma kimiminika na kupasua bloku. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu na kwa namba za kitabu. "Nimeshazoea kwa mkono" siyo namba. Silikoni haipakwi kwenye gasketi ya hedi, isipokuwa kwenye kona ambazo kitabu kimezitaja.

Dawa za kumimina kwenye rejeta ili kuziba zinaweza kumfikisha mtu kijijini kwenye msiba. Kwa maji yanayoingia kwenye oili hazisaidii kitu cha kudumu, na zinaziba hita na mirija myembamba ya rejeta.

Hatua ya 7: Kusafisha

Maziwa yamebaki kila mahali: njia za oili, kifuniko cha vali, chini ya sampu. Futa unavyoweza kwa mkono wakati injini iko wazi. Ukishafunga, weka oili ya bei nafuu na filta mpya, iache ingurume bila kukanyaga hadi ipate joto, mwaga ikiwa ya moto. Rudia kwa filta nyingine mpaka inayotoka iwe na rangi ya oili; mara mbili au tatu hutosha. Kisha ndipo uweke oili nzuri. Kuosha kwa kuwasha injini yenye dizeli au mafuta ya taa kwenye sampu ni desturi ya gereji nyingi na ni kosa: mafuta hayo ni mepesi mno, beringi zinabaki bila utando.

Upande wa maji, oili ni ngumu kutoka. Tumia dawa maalumu ya kusafishia rejeta, thamostati ikiwa imetolewa ili maji yazunguke, umwage na kurudia mpaka maji yasiwe na utando. Sabuni ya vyombo inatoa povu linalozuia mzunguko, usijaze. Mipira iliyolowa oili inavimba na kuwa laini. Bonyeza kila mmoja, wenye ulegevu ubadilishwe. Kifuniko cha rejeta kibadilishwe, thamostati mpya irudishwe, na kulanti ichanganywe na maji yaliyotolewa madini kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa.

Chora mstari kwa kalamu ya rangi kwenye tangi la akiba, asubuhi injini ikiwa ya baridi. Angalia mstari huo na stiki kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, kisha badilisha oili na filta tena baada ya kilomita 1,000 hivi. Usawa ukishuka kidogo siku za mwanzo ni hewa inayotoka kwenye mfumo, ongeza mara moja. Ukiendelea kushuka na stiki ikaanza kupauka tena, usimruhusu mtu aguse hedi kwa mara ya pili: rudi kwenye kipimo cha presha, sampu chini, na safari hii anza kutazama bloku.